Dar es Salaam: Jiji linalokua na gharama ya kujenga mara mbili

Mvua kubwa inaponyesha Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro hufunikwa mara kwa mara na maji ya Mto Msimbazi katika eneo la Jangwani, na safari za mabasi yaendayo haraka kati ya Kimara na katikati ya jiji husitishwa. Eneo hilo dogo linaonyesha ugumu wa kupanga fedha za miundombinu katika jiji linalokua kwa kasi.

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu wakazi wapatao 272,000 jijini humo. Mwaka 2012 walikuwa zaidi ya milioni 4.3, na sensa ya mwaka 2022 ikaonyesha zaidi ya milioni 5.3. Kwa hiyo, katika muda wa miaka 10 jiji liliongeza takriban watu milioni 1 wanaohitaji maji, barabara, mitaro na usafiri.

Bajeti ya serikali ya Tanzania hugawanywa katika mafungu mawili makubwa. Matumizi ya kawaida hulipa mishahara na uendeshaji wa kila siku, ilhali matumizi ya maendeleo hujenga vitu vinavyotarajiwa kudumu miaka mingi. Kwa kuwa mapato ya halmashauri hayatoshi kujenga daraja kubwa au mfumo wa mitaro, serikali kuu hukopa kwa niaba yao. Mwaka 2015, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 kwa mradi wa kuendeleza jiji hilo, uliojenga barabara za mitaa na mitaro katika manispaa kama vile Ilala, Kinondoni na Temeke. Mikopo ya aina hii ina masharti nafuu na hulipwa kwa muda mrefu, hivyo sehemu ya deni huwaangukia walipa kodi ambao leo bado ni watoto.

Ndiyo sababu uamuzi wa mahali pa kujenga ni mzito kuliko kiasi cha fedha. Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka ilianza huduma mwaka 2016, na karakana yake ikawekwa Jangwani, ndani ya bonde la mto. Bonde hilo lilikuwa limekwisha kutoa onyo: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Baada ya karakana kujengwa, maji yaliingia tena na kuharibu mabasi.

Sasa kosa hilo linarekebishwa kwa fedha mpya. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya kuendeleza Bonde la Msimbazi, huku Uholanzi na Hispania zikichangia. Mradi unahusisha kupanua mkondo wa mto, kujenga daraja refu la Jangwani na kuihamishia karakana Ubungo. Wakazi wa bondeni nao wanapaswa kuhama kwa fidia. Kwa familia iliyoishi hapo miaka mingi, kuhama ni kuacha biashara, shule na majirani. Kubaki ni kuyasubiri maji.

Awamu ya pili ya usafiri huo, inayoelekea Mbagala, ilitoa funzo jingine. Barabara zake zilikamilika, lakini zikakaa muda mrefu zikisubiri mabasi, huku abiria wakiendelea kubanana katika daladala. Fedha za kujenga zilipatikana kabla ya mpango wa uendeshaji kukamilika.

Suala hili haliishii kwa wakazi wa Dar es Salaam. Shehena nyingi za Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo hupitia bandari ya jiji hilo, na Barabara ya Morogoro ndiyo njia kuu ya malori yanayoelekea bara. Barabara hiyo inapokwama, mfanyabiashara wa Bujumbura au Kigali huchelewa kupokea mzigo wake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Kwa Jangwani, ukuta huo sasa ni daraja, na bei yake italipwa kwa miaka mingi ijayo.