Suwannee, Mto wa Maji Meusi

Je, wajua kuna mto ambao maji yake ni kipimo cha wanakemia duniani? Unaitwa Suwannee. Unatoka kwenye kinamasi cha Okefenokee, jimbo la Georgia, Marekani, ukapita Florida hadi Ghuba ya Meksiko. Maji yake yamekolea kama chai ya rangi, wala si kwa matope. Yaache kwenye chupa kutwa kucha, rangi haizami chini: ni mboji, yaani majani, magome na mizizi iliyooza ikayeyuka.

Watafiti wa mboji wana jumuiya ya kimataifa tangu 1981, nayo hutunza sampuli za mto huu ili maabara zilinganishe vipimo vyao. Hutunza pia sampuli ya udongo mweusi wa Illinois uitwao Elliott. Sampuli zote mbili chanzo chake ni mimea, lakini tazama tofauti. Asidi ya humiki ya Elliott, yaani ile sehemu ya mboji inayojitenga na kuzama ukiitia asidi kali, ina naitrojeni asilimia 4 hivi kwa uzito. Ya Suwannee ina asilimia 1 tu na kidogo. Kwenye oksijeni mto ndio unaoongoza: takriban 42 kwa 34.

Sababu ni kwamba udongo hushika. Masalia ya bakteria na kuvu, yenye naitrojeni nyingi, hunata kwenye mfinyanzi na chuma yakabaki hapo. Mvua huondoka na kinachoyeyuka kwa urahisi, hasa molekuli ndogo zilizosheheni oksijeni. Zikifika mtoni, jua huanza kuzikatakata na kuzifubaza rangi.

Lakini usidhani maji yote ni hivyo. Ziwa dogo la Pony, Antaktika, halina mti wala jani karibu yake; mboji yake ni ya mwani na vijidudu. Naitrojeni humo inapita asilimia 6, juu kuliko hata ule udongo wa Illinois! Kwangu mimi hili ndilo kubwa: kabla ya kuuliza mboji imetoka majini au ardhini, uliza ilikuwa kiumbe gani.

Wasafisha maji huliona kila siku. Shabu huizamisha vizuri mboji nyeusi ya miti, ila ya mwani nyingi huponyoka, ikaenda kukutana na klorini.