Je, Wajua? Mto Mzima Ndani ya Simu Yako

Je, wajua kwamba kina cha mto hupimwa kwa meseji? Kwenye bonde la Sondu-Miriu, Kenya, watafiti walisimika vipimo 13 mtoni, kila kimoja na bango la maelezo. Mpita njia alisoma namba, akaituma, basi! Mwaka wa kwanza tu, watu 124 walituma vipimo halali 1,175.

Unadhani walikuwa wakibahatisha? Wala! Namba zao zilipolinganishwa na za mtambo unaojipimia wenyewe, zilikaribiana mno. Wewe ungepita hapo bila kutuma?

Je, wajua kwamba simu yako inajua ulipo hata bando likikata? Inanasa mawimbi ya setilaiti za GPS zilizo kilomita 20,200 juu ya kichwa chako. Ikizipata 4 tu, tayari! Hata chemchemi ya porini kusiko na mtandao utaiweka kwenye ramani.

Shika na hili. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mahali peupe, simu ya kawaida hukosea mita 5 hivi. Kumbe kamati ya kijiji inaweza kukagua mpaka huo kwa simu ya mfukoni!

Je, wajua kwamba vilima vya kwenu vilipimwa kutoka angani? Februari 2000, chombo cha Endeavour kilipima miinuko ya asilimia 80 ya nchi kavu kwa siku 11 tu. Leo kompyuta inatumia vipimo hivyo kukuonyesha tone la mvua likianguka mlimani litaishia mto gani. Na vipimo ni bure!

Bado uko nami? Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015. Wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita mtaa kwa mtaa wakichora mifereji na vijito, huku droni zikipiga picha kutoka juu. Ramani hiyo iko wazi, hata wewe unaruhusiwa kuifungua.

Je, wajua kwamba setilaiti zina kumbukumbu kubwa kuliko wazee wa kijiji? Wataalamu walichambua picha milioni 3 za mwaka 1984 hadi 2015 na kuchora kila mahali maji yalipoongezeka au kukauka. Miaka 32, dunia nzima!

La mwisho, na hili ni tamu. Afrika Kusini, watoto wa shule hupima afya ya mto kwa kutambua viumbe wadogo wa majini. Kipimo kinaitwa miniSASS: makundi 13 ya viumbe, kila kundi na alama zake. Ruba ana 2 tu, kereng'ende mchanga ana 6, na wastani wa alama za makundi yaliyopatikana unawekwa kwenye ramani. Haya, kesho ukipita mtoni, pindua jiwe moja. Mto wenu una alama ngapi?