Usiseme "sori" panapotakiwa "nisamehe"



Leo tutafakari neno dogo la Kiingereza ambalo sasa limekuwa letu: "sori". Pita stendi ya Mpanda, sokoni, au hata mlangoni mwa kanisa, utalisikia. Je, umewahi kuhesabu maana zake?

Aliyekukanyaga ndani ya basi anasema "sori". Aliyesikia kuwa umefiwa anasema "sori". Ambaye hakukusikia vizuri anauliza, "sori?", yaani rudia. Karani wa dirishani anakwambia, "sori, mtandao unasumbua, njoo kesho", na hapo maana yake ni hapana. Na aliyekutenda ubaya naye anasema "sori", kisha anaendelea na shughuli zake.

Kosa si la Kiingereza. Asili ya neno hilo ni neno la kale la lugha hiyo lenye maana ya maumivu. Maumivu hayo yaweza kuwa ya kushiriki msiba wa mwenzako, au ya kujutia kosa lako mwenyewe. Kiswahili kimetupatia maneno tofauti. Kwa msiba, ugonjwa, kazi na safari tunasema "pole". Kwa kosa tunasema "nisamehe" au "naomba radhi". Pole hutolewa, msamaha huombwa. Mtu yeyote anaweza kunipa pole, lakini aliyenikosea peke yake ndiye anayepaswa kuniomba msamaha.

Hapa Katavi tofauti hiyo tunaijua mashambani. Ng'ombe wanaingia usiku katika mpunga wa mtu, na jasho la msimu mzima linaisha kabla ya alfajiri. Asubuhi mwenye mifugo anakuja na kusema, "Sori mzee, pole kwa hasara." Mkulima anasikia kana kwamba hasara ilijileta yenyewe, kama mvua ya mawe. Hasira inapanda. Vivyo hivyo mkulima aliyemkata ng'ombe kwa panga akija na "sori" tu, mfugaji naye anaona amedharauliwa. Mwisho wake, familia mbili zinazosali kigango kimoja zinaacha kusalimiana.

Neno la Mungu linaijua kesi hii. Kitabu cha Kutoka 22:5 kinaagiza kwamba mtu akiacha mnyama wake ale katika shamba la mwingine, atalipa kwa mazao yaliyo bora ya shamba lake mwenyewe. Hakuna nafasi ya kulipa kwa makapi. Mwana mpotevu katika Luka 15 harudi nyumbani kumpa baba yake pole kwa mali iliyopotea. Anakiri kuwa ametenda dhambi. Naye Zakayo, katika Luka 19:8, anaahidi kurudisha mara nne kwa yeyote aliyemdhulumu.

Ndiyo maana Kanisa linatufundisha kwamba katika Sakramenti ya Kitubio mwenye kutubu anadaiwa majuto, maungamo na malipizi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inatukumbusha kwamba ondoleo linaondoa dhambi, lakini halitengenezi kila kilichoharibika. Aliyeiba arudishe. Aliyechafua jina la mwenzake alisafishe.

Wengi tunaogopa kusema "nimekosa" kwa kudhani tutashuka heshima. Wahenga walijua vingine: muungwana akivuliwa nguo huchutama. Kukiri ni uungwana.

Basi, ndugu yangu, fikiri ni nani uliyemwambia "sori" huku moyo wake ukingoja neno jingine. Labda ni mkeo, mumeo, jirani, au mwanajumuiya mwenzako. Mwendee. Litaje kosa kwa jina lake, usiongeze "lakini", kisha muulize utalipaje. Na wewe unayeombwa msamaha, usidai kupita haki wala usifunge mlango, kwa maana katika sala ya Baba Yetu tunaomba kusamehewa kama tunavyosamehe.

Yesu anasema katika Mathayo 5:23-24 kwamba sadaka yaweza kungoja mbele ya altare, upatanisho utangulie. Kabla hujapeleka sadaka Jumapili ijayo, njia ya kwenda kwa jirani iko wazi.

Nawatakia Dominika njema.