Gurudumu la Nyuma Halifuati la Mbele

Atokaye Kasese kwenda Bwera huiacha barabara ya Mbarara pale Kikorongo, akashika njia iendayo mpakani Mpondwe. Njia hiyo hupitiwa na malori marefu yaendayo Kongo. Yafaa kila familia ijue jinsi yanavyokata kona.

Dereva azungushapo usukani, magurudumu ya mbele ndiyo yageukayo. Ya nyuma huvutwa tu, nayo hupita ndani zaidi ya kona. Kadiri ekseli ya nyuma ilivyo mbali na ya mbele, ndivyo gari lihitajivyo duara kubwa zaidi. Kwa hiyo dereva mzoefu hutanua kwanza, kisha hukata. Mtoto aliyesimama ndani ya kona huona kichwa cha lori kimempita salama, kumbe tela laja juu yake.

Mwendo nao una hesabu yake. Katika kona ile ile, mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu ihitajikayo kulishikilia gari njiani huwa mara nne. Matairi yakishindwa, usukani haufai kitu. Basi punguza mwendo kabla ya kona, wala si ndani yake.

Uganda twaendesha kushoto, Kongo huendesha kulia. Hivyo kona ya kushoto, iliyo finyu kwetu, huwa pana ng'ambo; na ya kulia hugeuka kuwa finyu. Dereva avukaye Mpondwe asilisahau hilo.

Nanyi wazazi, waonyeni watoto: lori likigeuka, wasisimame kamwe upande wa ndani.