Kikombe cha hedhi: namna ya kukisafisha na kukitunza nyumbani

Katika mikutano ya wamama swali moja linarudi siku hizi, mara nyingi kwa sauti ya chini na kisha maombi ya mwisho: kikombe cha hedhi kinasafishwa namna gani? Wengine walikipokea pamoja na misaada, wengine walikinunua mjini. Walielezwa mara moja tu, kwa haraka, na karatasi iliyokuwa ndani ya boksi iliandikwa kwa lugha wasiyoisoma. Tumeona ni vema kuandika jambo hili waziwazi. Wababa nao wasome, kwa sababu maji, sabuni na makala ya nyumbani vinawahusu.

Kikombe hiki ni kidogo, laini, chenye umbo la kengele, na kwa kawaida kimetengenezwa kwa silikoni ya kiganga. Mwanamke anakikunja na kukiingiza ukeni. Kinafunguka ndani na kupokea damu, tofauti na kitambaa au kotex vinavyoinyonya. Si kitu cha jana. Mwanamke mmoja wa Marekani, Leona Chalmers, alipata hati ya uvumbuzi wa kikombe cha mpira mwaka wa 1937. Mwaka wa 2019 jarida la kiganga Lancet Public Health lilitoa uchunguzi uliokusanya kazi 43 juu ya wanawake na wasichana karibu 3,300, na ulionyesha kwamba kikombe ni njia salama. Kikitunzwa vizuri kinadumu miaka mingi, hata kufika 10. Lakini kotex inatupwa, na kikombe kinarudi mwilini kila mwezi. Kwa hiyo usafi ndio kazi yenyewe.

Kuchemsha ni mara moja kwa mwezi, si kila siku. Kabla ya kukitumia mara ya kwanza, na tena kila mwezi damu inapokwisha au inapokaribia kuanza, kioshe, kisha ukichemshe katika maji mengi yanayokifunika kabisa. Karatasi nyingi zinasema dakika 5 mpaka 10. Kwetu Goma na Bukavu tuko juu, mita karibu 1,500, na maji yanachemka yakiwa kama nyuzi 95, hayafiki 100. Basi chukua zile dakika 10, ukihesabu tangu maji yanapotokota vizuri. Usiache maji yakauke: kikombe kikilala juu ya chuma chenye moto kitaungua. Kwa makala, mama anayejua kuhesabu anakichemsha juu ya moto uliobaki kisha kupika maharagi.

Na sufuria gani? Hapa ndipo ugomvi unapoanza katika parseli zetu. Mama mkwe hataki kukiona katika sufuria ya ugali, na hatuna haja ya kumshinda. Mkebe safi wa maziwa ya unga, usio na kutu, unatosha. Uwe wa kazi hiyo tu.

Katika siku zenyewe, kikombe kinatolewa na kumwagwa mara 2 au 3 kwa siku. Kisipite saa 12 ndani, hata kama damu ni kidogo. Anza na mikono: maji na sabuni, na kucha pia. Usivute ule mkia mdogo peke yake. Bonyeza kwanza chini ya kikombe ili hewa iingie, ndipo kiteremke. Mwaga damu katika choo, kisha osha kikombe kwa maji ya baridi kwanza, kwa sababu maji ya moto yanashikisha alama na harufu. Halafu sabuni laini isiyo na marashi. Yale matundu madogo ya pembeni, jaza maji, ziba kwa kiganja na ubonyeze mpaka maji yatoke kwa matundu. Suuza sana: sabuni ikibaki inawasha.

Maji yawe yale mnayoweza kunywa. Familia nyingi zinachota ziwani Kivu kwa bidoni, na maji ya ziwa yasiyotiwa klori au kuchemshwa hayafai kwa kazi hii. Nusu lita inatosha. Ukiwa shuleni au safarini bila maji, pangusa kikombe kwa karatasi safi, kirudishe, na ukioshe mara unapofika penye maji. Javeli, siki, ndimu, chumvi na sabuni inayounguza mikono, acha vyote. Kikibadilika rangi, hiyo si uchafu. Kianike juani saa chache.

Kuanika ndiko kunakotusumbua zaidi. Tunajua vikombe vinavyofichwa vikiwa na majimaji, vimefungwa katika sashe ya plastiki chini ya godoro, ili mume au kaka asione. Haya ndiyo yanayoleta harufu na vijidudu, si damu. Kikombe kikauke, kikae katika kifuko cha kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa. Wengine wanatuletea Walawi 15. Ni kweli sura ile inaitaja hedhi, lakini inawataja wanaume vilevile, tena inahusu utaratibu wa ibada ya Israeli. Katika Marko 5, yule mama aliyetokwa damu miaka 12 alimgusa Yesu, naye hakumfukuza, alimwita binti. Mume anayesoma maneno haya anaweza kupigilia msumari mmoja penye hewa kwa ajili ya kifuko hicho.

Wazazi wanauliza juu ya mabinti na ubikira. Kikombe kinaweza kupanua ile ngozi nyembamba, kama mambo mengine mengi yanavyoweza. Ngozi hiyo haishuhudii mwenendo wa mtu. Hata hivyo binti asiyekitaka asilazimishwe, vitambaa safi vilivyokauka juani vinafaa vizuri. Na kila mtu awe na chake. Mama na binti, au dada wawili, wasikiazimane hata kama kimechemshwa.

Aliyezaa au kutoka mimba angojee mpaka muganga amruhusu. Aliyewekewa sterile aulize kwanza, kwa sababu kikombe kinaweza kuivuta. Kikombe kilichopasuka, kinachonata au chenye unga juu yake kimekwisha, hata kama ni cha mwaka jana.

Kuna ugonjwa mmoja unaotokea kwa nadra sana lakini unaua upesi: homa kali ya ghafula, kutapika, kizunguzungu, vipele kama mwili ulioungua na jua. Ukiona hayo, toa kikombe papo hapo na uende kituo cha afya, hata usiku. Mwambie muganga wazi kwamba ulikuwa na kikombe ndani, na tangu saa ngapi. Kichukue mkononi umwonyeshe; huenda hajakiona bado.