Je, Wajua? Samaki, Sheria na Wanawake wa Ziwa Mweru

Sogea, msomaji, tukae benchi moja. Leo tuko Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, na mbele yetu ni Ziwa Mweru: urefu takriban kilomita 131, eneo zaidi ya kilomita za mraba 5,000! Swali letu ni zito: nchi ikihalalisha ukahaba na kuuwekea kanuni, je, inapata ilichokitafuta? Tega sikio.

Je, wajua kwamba Kilwa si ya pwani peke yake? Ndani ya Mweru kuna kisiwa cha Kilwa, ambacho ni cha Zambia, na ng'ambo kuna mji wa Kilwa, ambao ni wa Kongo. Huko ng'ambo watu hununua na kuuza kwa Kiswahili cha Katanga. Ungeelewana nao bila mkalimani!

Wajua sheria ya Zambia inasemaje? Kanuni ya Adhabu haikukitaja kitendo chenyewe, cha mtu mzima kuuza ngono, kuwa kosa. Lakini kutafuta wateja hadharani ni kosa, kuishi kwa mapato ya kahaba ni kosa, kuendesha danguro ni kosa.

Na Kongo je? Huko nako mtu mzima hashtakiwi kwa kitendo chenyewe. Anayesakwa ni kuwadi. Sasa panda hadi Uganda uone maajabu: kitendo hichohicho kinaweza kukufunga miaka 7!

Sasa turudi ufukoni. Umewahi kumwona chisense? Ni samaki mdogo, binamu wa dagaa, hafikii hata urefu wa kidole. Huvuliwa usiku kwa taa, na kukipambazuka mchanga wa Kashikishi, hapa hapa Nchelenge, unameta, wanawake wameinama wakimgeuza kwa viganja ili akauke pande zote.

Wajua kwamba zamani mfalme wa maji haya alikuwa mpumbu? Samaki huyo mkubwa alipanda mto Luapula kwa makundi kwenda kutaga mayai, na wavuvi wakamngoja njiani. Kufikia miaka ya 1950 alikuwa ameadimika, na chisense aliyedharauliwa akaja kuwa riziki ya maelfu.

Hii hapa tamu zaidi: chisense aliwafungulia wanawake mlango. Mwanahistoria David Gordon, katika kitabu chake cha 2006 juu ya Luapula na Mweru, anaonyesha jinsi baadhi yao walivyoingia katika biashara hiyo na kumiliki nyavu na vyombo wao wenyewe. Likumbuke hilo, litatufaa mbele!

Na ziwa lenyewe lilitolewa na nani? Masimulizi ya Luapula yanamtaja mwanamke, Nachituti. Kaka yake, chifu Nkuba, alimuua mwana wa Nachituti. Mfalme Mwata Kazembe alipomlipizia kisasi, Nachituti akamkabidhi kapu la udongo na chombo cha maji: ardhi yote, ziwa lote!

Sasa shika pumzi. Mwaka 2008 watafiti Christophe Béné na Sonja Merten walichapisha uchunguzi juu ya ngono kwa samaki, wakichukua mfano wa nyanda za mto Kafue, humuhumu Zambia. Mchuuzi mwanamke anajenga uhusiano na mvuvi ili apate mzigo. Wakaona kwamba mambo hayo yameripotiwa katika maziwa na mito mingi ya Afrika.

Unadhani ni kwa sababu hana pesa? Sivyo siku zote! Wanunuzi ni wengi, samaki ni wachache, na mtumbwi unapogusa mchanga wanawake wako majini hadi magotini na mabeseni yao. Mwenye noti mkononi anaweza kurudi na beseni tupu, mwenye "rafiki" mtumbwini akajaziwa lake.

Ziwa Victoria, upande wa Kenya, mpango huo unaitwa jaboya. Hauna danguro, hauna bei ukutani, hauna taa nyekundu. Niambie wewe: ofisa wa leseni atauandika wapi?

Wajua kwamba Zambia hufunga uvuvi katika maji yake mengi, Mweru likiwemo, miezi mitatu kila mwaka? Huanza tarehe 1 Desemba, huisha mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaa. Mwenye akiba huvuka salama. Asiye na akiba, hesabu mwenyewe siku hizo 90.

Namba hizi zibebe moyoni. Utafiti wa taifa wa 2021 ulikuta watu 11 kati ya 100 wenye miaka 15 na zaidi nchini Zambia wanaishi na virusi vya UKIMWI: wanawake karibu 14, wanaume 8. Uganda, uchunguzi uliochapishwa 2013 katika jamii za wavuvi ulikuta 22 kati ya 100!

Kwa hiyo wakubwa husema: tuwaandikishe wanaouza ngono, tuwapime, magonjwa yataisha. Wajua kwamba Uingereza ilijaribu hilo tangu 1864? Katika miji yenye kambi za wanajeshi, polisi waliweza kumkamata mwanamke waliyemshuku na kumpima kwa nguvu. Wanaume wateja? Sheria hiyo haikuwataka wapimwe! Mwanaharakati Josephine Butler na wenzake walipiga kelele miaka mingi, na 1886 sheria ikafutwa.

Ufaransa nayo ilikuwa na madanguro ya leseni. Yakafungwa 1946. Italia ikafunga ya kwake 1958.

Turudi nyumbani kidogo. Wajua kwamba sehemu ya Nairobi ya zamani ilijengwa na malaya? Mwanahistoria Luise White alieleza mwaka 1990 jinsi wanawake wa Pangani na Pumwani walivyogeuza mapato yao kuwa nyumba, wakawa wenye nyumba wanaopangisha. Hakuna sheria iliyowapa, walijenga wenyewe.

Senegal je, waijua? Tangu miaka ya 1960 inamruhusu mwanamke mwenye miaka 21 na zaidi, mradi aandikishwe, abebe kadi na kupimwa mara kwa mara. Uchunguzi wa 2018 ukatoa jibu la ajabu: walioandikishwa wana magonjwa machache zaidi ya zinaa, lakini hali yao ya maisha na furaha yao iko chini zaidi! Wengine wengi hawaendi kuandikishwa kabisa, maana kadi ikionekana nyumbani, siri imekwisha.

Shangaa na Ujerumani. Ilihalalisha mkataba wa kazi hiyo mwaka 2002. Uchunguzi wa serikali uliotangazwa 2007 ukakuta takriban mmoja tu kati ya 100 waliohojiwa ndiye mwenye mkataba wa ajira. Mwaka 2017 ikalazimisha uandikishaji, na mwisho wa 2022 daftari lilikuwa na watu 28,280. Wanaokadiriwa kufanya kazi hiyo? Mara nyingi hutajwa 200,000 na zaidi!

Umeona kinachojirudia? Daftari humpata mwenye karatasi na asiyeogopa. Sasa fikiria Nchelenge: mwaka 2017 maelfu ya Wakongomani walikimbilia huku, na mwanzoni mwa 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala yakafunguliwa wilayani humuhumu. Mama aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni hawezi kupanga foleni ya leseni.

Hata New Zealand, inayosifiwa sana, imewaacha wageni wenye viza za muda nje ya ruhusa. Lakini ngoja, nchi hiyo ina jambo la kukuinua kitini! Juni 2003 Bunge lilipiga kura ya kuuondoa ukahaba kwenye makosa ya jinai: 60 ndiyo, 59 hapana, mmoja akajizuia.

Kura moja ilifanya nini? Mwaka 2014 mwanamke wa danguro alimshtaki mwendeshaji wake kwa unyanyasaji wa kijinsia, akashinda, akapewa fidia ya dola 25,000 za New Zealand. Mahali ambapo kazi yake ni kosa, angeanzia wapi kushtaki?

Wajua Las Vegas, mji wa starehe? Ukahaba huko ni marufuku! Jimbo ni Nevada, ambalo huruhusu madanguro ya leseni, lakini katika wilaya zenye watu wachache tu.

Jimbo la Rhode Island, Marekani, lilikuwa na pengo katika sheria, na kati ya 2003 na 2009 ukahaba wa ndani ya nyumba haukuwa kosa. Wachumi Scott Cunningham na Manisha Shah walipiga hesabu: ubakaji ulioripotiwa ulishuka kwa asilimia 30 hivi, na kisonono kwa wanawake kwa asilimia 40 hivi. Kisha pengo likazibwa.

Kinyume chake nacho kinashangaza. Mwaka 2014 wilaya ya Malang, Indonesia, ilifunga madanguro kwa kishindo. Magonjwa ya zinaa kwa wanawake wanaouza ngono huko yakapanda kwa asilimia 58! Biashara haikufa, kilichokufa ni njia ya kuwafikia kwa kondomu na vipimo.

Usishangilie haraka, lakini. Mwaka 2013 watafiti watatu walilinganisha nchi hadi 150, wakaona kwamba zilizohalalisha huripoti, kwa wastani, watu wengi zaidi wanaoingizwa kwa usafirishaji haramu. Lengo la afya linaweza kusogea mbele huku la kuzuia biashara ya watu likirudi nyuma, chini ya sheria ileile!

Sweden ilishika njia yake tangu 1999: anayeuza haguswi, anayenunua ndiye mkosaji. Norway ikafuata 2009, Ufaransa 2016.

Mombasa nayo imo! Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha makadirio yaliyotumia takwimu za Vancouver, Bellary ya India na Mombasa yetu. Yakasema kwamba kuacha kuwatia hatiani wanaouza ngono kungeweza kuzuia asilimia 33 hadi 46 ya maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI miongoni mwao na wateja wao katika miaka 10.

Na ulimwengu unawadai wanawake wa Majengo, Nairobi! Tangu miaka ya 1980 wanasayansi waligundua kuwa wachache kati yao walikutana na virusi miaka nenda miaka rudi bila kuambukizwa. Damu yao ilichochea utafiti wa chanjo duniani.

Ubelgiji ndiyo habari mpya. Tangu tarehe 1 Desemba 2024, anayeuza ngono kwa mkataba ana haki ya likizo ya uzazi, malipo ya ugonjwa na pensheni, na anaweza kumkataa mteja bila kufukuzwa kazi. Iliripotiwa kuwa nchi ya kwanza duniani kufika hapo!

Lakini nimekuwekea bora ya mwisho. Mwaka 2011, ufuko wa Nduru karibu na Kisumu, wanawake wachuuzi walisema jaboya basi. Hawakusubiri Bunge. Walipata mitumbwi yao wenyewe, wakaajiri wanaume wavue, na samaki wakashushwa moja kwa moja kwenye mabeseni ya mwenye chombo!

Mafuriko ya 2020 yaliizamisha Nduru, mitumbwi ikaharibika, na wengi wakarudi nyuma. Uchungu huo unatufundisha kitu kikubwa: uhuru wao ulikuwa umekaa juu ya mbao zile.

Hesabu basi pamoja nami. Kuondoa hatia kumesaidia afya na kumempa mwanamke mdomo wa kushtaki. Madaftari na leseni yamewaacha nje walio wengi, na usafirishaji haramu haujakoma kwa kuhalalisha. Ngono kwa samaki, ambayo haina danguro wala kadi, haikuguswa na sheria yoyote kati ya hizo.

Kwa hiyo, siku mgombea atakaposimama Nchelenge, Kisumu au Mwanza na kunadi kuhalalisha au kupiga marufuku, inua mkono wako juu. Muulize: nyavu ni za nani, mtumbwi ni wa nani, na miezi ya ufuko mtupu mama mchuuzi atakula nini? Asiyeweza kujibu hilo hajaanza kazi.