Mita sita za pazia na fizikia ya bure

Vitabu vingi vya fizikia hukupokea kwa ukali: maana ya fizikia, matawi ya fizikia, umuhimu wa fizikia, chukua daftari unukuu. Hiki nilichokifungua juzi kwenye kompyuta, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa, kilinipeleka dukani. Unataka kushona mapazia. Umesimama mbele ya muuza vitambaa, unamwambia akukatie upana mbili, urefu sita. Mbili nini? Sita nini? Mkasi hauwezi kugusa jora mpaka useme mita. Somo la vizio vya vipimo limekwisha kuanza na mwanafunzi hajatishwa.

Sura hiyo hiyo inatoka dukani na kwenda anga za juu. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo kilichotumwa Mirihi, chenye thamani ya dola milioni 125, kwa sababu timu moja ilipiga hesabu za msukumo kwa pauni na nyingine ikazisoma tarakimu zile zile kama niutoni. Wahandisi wenye shahada zao wamefanya kosa la mtu wa mapazia.

Ile aya ya pazia imenikaa kichwani. Vizio ndiyo sehemu inayochosha kuliko zote, na mwandishi wa kawaida angechora jedwali akapita. Aliyeandika hapa alisimama kwanza akamfikiria msomaji ambaye hajawahi kuingia maabara lakini amewahi kutumwa dukani. Sisi tuliokulia kati ya yadi, mita na doti ya kanga hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kila aliyewahi kurudi nyumbani na kitambaa pungufu anajua gharama ya kutotaja kizio. Nilimtafuta huyo mwandishi. Mwanzoni mwa kitabu kuna orodha ndefu ya majina, lakini hakuna palipoandikwa nani alitunga sura ipi. Wote walijitolea.

Kitabu hicho ni cha Afrika Kusini, kimojawapo cha mfululizo wa bure wa sayansi kwa shule za sekondari ulioanzishwa mwaka 2002. Mwanzilishi anayejulikana zaidi ni Mark Horner, wakati huo mwanafunzi wa fizikia wa shahada za juu katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Horner amesimulia mara nyingi jambo lililomsukuma. Alikuwa kwenye maonyesho ya sayansi, akiwaonyesha watoto tabia za mawimbi. Watoto wa shule moja ya kijijini walikuwa wakiandika kila anachosema, wakaja kumwomba awasahihishie. Akadhani ni kazi waliyopewa na mwalimu. Hapana, wakamwambia, maandishi yale wangerudi nayo shuleni, yawe ndiyo kitabu cha kiada.

Mfikirie kijana huyo ameshika daftari la mtoto. Hajui kama atakuta neno moja limerukwa, au mchoro wa wimbi uliopinda vibaya, au urefu wa wimbi uliopimwa kutoka kileleni hadi bondeni badala ya kilele hadi kilele. Kosa dogo la namna hiyo kwenye daftari la mtu mmoja ni alama moja ya mtihani. Kwenye daftari litakalofundishia shule nzima, ni jambo ambalo kijiji kizima kitaliamini kwa miaka. Kwa simulizi ya Horner mwenyewe, hapo ndipo wazo lilipotoka: kama watoto wako tayari kuinakili sayansi kwa mkono, wenye kuijua wanashindwaje kuiandika vizuri mara moja na kuitoa bure?

Akawakusanya wenzake, wengi wao wanafizikia vijana, kisha wakaongezeka walimu na wahandisi wa ndani na nje ya nchi. Waligawana sura, wakatumiana rasimu kwa intaneti, wakasahihishana. Hakuna aliyelipwa. Kwa miaka kadhaa kazi ilikwenda taratibu, kama zinavyokwenda kazi zote za jioni baada ya ajira. Leseni waliyochagua iliruhusu kila mtu kunakili, kuchapa na kubadilisha, hivyo mwalimu mwenye mashine ya fotokopi hakuwa na haja ya kujificha.

Horner akamaliza uzamivu wake. Angeweza kubaki maabara. Alipata ufadhili wa taasisi ya Mark Shuttleworth, tajiri wa programu za kompyuta, na vitabu vikahamia kwenye mradi uitwao Siyavula. Sasa walikuwapo wahariri wa kulipwa, na watu wa kujitolea waliitwa wikiendi kuketi pamoja na kuandika. Mwaka 2012 serikali ya Afrika Kusini ilichapa zaidi ya nakala milioni 2 za vitabu vyao vya hisabati na sayansi, ikazigawa katika shule za sekondari.

Mwaka huo huo, katika jimbo la Limpopo, shule zilikaa miezi bila vitabu vya mtaala mpya. Suala likafika Mahakama Kuu ya Pretoria, iliyoamua mwezi Mei kwamba kutopeleka vitabu ni kuvunja haki ya mtoto ya kupata elimu. Mtu anaweza kuandika bure, hata mhariri akahariri bure, lakini lori halitembei bila mafuta na ghala halifunguki bila mwenye ufunguo. Sijui watu wa kujitolea wafanye nini mbele ya ghala lililofungwa.

Kuna jambo lingine linalonikera zaidi. Vitabu vya sekondari vya Siyavula vipo kwa Kiingereza na Kiafrikana. Jina la mradi limetoka katika lugha za Kinguni na maana yake ni kwamba tunafungua, ila mtoto wa Eastern Cape anayeota ndoto kwa Kixhosa bado anasoma mawimbi kwa lugha ya pili. Watanzania hatuna ubavu wa kuwacheka, maana sekondari zetu nazo hufundisha kwa lugha ya pili. Je, watoto wale wa maonyesho walikuwa wakinakili maneno ya Horner, au walikuwa wakiyatafsiri papo hapo? Simulizi haisemi.

Vitabu bado vinapakuliwa bure. Toleo lisilo na nembo za wafadhili lina leseni inayomruhusu yeyote kulitafsiri, kulibadilisha, hata kuliuza, mradi awataje waliotangulia kuandika. Kwa hiyo mwalimu wa fizikia anayetaka kuanza na sura moja ya Kiswahili hahitaji barua ya ruhusa kutoka kwa mtu yeyote.